Barua ya Malalamiko: Mti Wangu si Kuni

Kibokoni, Mji wa Kale,
Mombasa.
14 Machi 2025

Kwa Meneja wa Kitalu,

KUH: KUHARIBIWA KWA BONSAI YANGU NA KUDHALILISHWA MBELE YA WATU TAREHE 3 FEBRUARI

Bwana Meneja,

Asalaam aleikum. Nakuandikia nikiwa nimefunga, na hiyo ndiyo sababu maneno yangu nimeyachuja. Risiti yenu ya shilingi 3,500 ninayo, imeandikwa "kubadilisha chungu, bonsai 1", yaani mti wangu mdogo wa chunguni niliowaletea tarehe 25 Januari. Masharti yenu mnayajua wenyewe, yamebandikwa nyuma ya keshia, na kile kifungu cha mti kudhoofika ndani ya siku 30 sina haja ya kukusomea.

Ndani ya hizo siku 30 nilikuja. Siku ya tisa tu. Majani yalikuwa yamegeuka manjano, yanapukutika hata nikipumua karibu yake. Nikapanda tuktuk, mti nimeupakata mapajani kama mtoto mwenye homa. Kijana wenu aliyekuwa zamu hakuuliza hata umekuwaje. Aliushika shina, akaung'oa kwenye chungu kwa mkono mmoja, udongo ukamwagika, akasema: "Mama, huu ushakuwa kuni. Chagua mwingine pale, tutakupunguzia." Watu wakacheka.

Mwingine! Mti huu niliuchomoa mwenyewe katika ufa wa ukuta wa matumbawe wa nyumba yetu mwaka 2009, mafundi walipokuja kupiga plasta. Ulikuwa haupiti kidole changu. Ni wa jamii ya mkuyu, hii inayojiotea kwenye kuta za Mji wa Kale bila kupandwa na mtu. Miaka 16 nimeupogoa, nimeufunga waya wa kuyapinda matawi na kuufungua kabla haujakata gome. Mnao mwingine kama huo pale? Bei gani?

Basi tuzungumze kazi. Tarehe 25 Januari nilisema kwa kinywa changu, na kijana akaitikia, kwamba mizizi isikatwe zaidi ya theluthi. Nilipoukagua nyumbani nikakuta iliyobaki haifiki hata nusu, tena imekatwa kwa kisu butu, ncha zimechanikachanika kama mswaki wa mti uliotafunwa. Waya wa kuufungia mti kwenye chungu hamkuweka. Kaskazi ikivuma mti ulikuwa unayumba, na kila ukiyumba vimizizi vipya vinakatika, vingeshika vipi? Udongo mliotia ni ule mweusi wa shamba, umechanganywa na samadi ya mbuzi, unakaa na maji kama sponji. Mti uliopunguzwa mizizi hauna cha kunywea. Ukiuzamisha majini mizizi iliyobaki inaoza, na ukiutia mbolea unaichoma. Lakini karatasi yenu ya maelekezo, ninayo pia, yasema: maji asubuhi na jioni, mbolea kila Ijumaa, weka juani. Samahani, bwana Meneja, hayo ni maelekezo ya mchicha.

Kosa langu nalikiri. Niliitii ile karatasi wiki nzima, pamoja na mbolea ya Ijumaa, kwa sababu bango lenu la mlangoni lasema mna mtaalamu. Na maji ya mpira wenu ni ya kisima, nimeyaonja, yana chumvi. Chumvi huunguza ncha za majani.

Narudi kwenye tarehe 3, kwa sababu hapo ndipo paninyimapo usingizi. Nilimwambia, "Mwanangu, kwaruza gome kwa ukucha. Ukiona kijani, mti uko hai." Hakukwaruza. Aliunyanyua juu kwa shina, akautikisa kama mtu aliyemkamata panya mkia, tope likarukia baibui langu, na bibi mmoja aliyekuwa ananunua asumini akageuza uso kwa kunionea haya. "Kuni." Neno hilo alilisema mara mbili, mara ya pili akiwatazama wenzake. Katika kule kutikisa ndipo vimizizi vyeupe vilipokatika, vile vichache vilivyokuwa vimeanza kuota licha ya yote mliyoufanyia. Niliviona kwenye sakafu yenu. Alivikanyaga. Nikakwaruza mimi. Kijani kibichi, na utomvu mweupe ukachuruzika mpaka kiganjani. Nikamwonyesha. Akasema, "Sawa, mama, kauombee." Mimi ni mkubwa kuliko mamake.

Niliuombea, naam, lakini kwanza nilifanya kazi mliyolipwa ninyi. Usiku uleule niliosha lile tope lote, nikakata mizizi iliyooza kwa wembe mpya, nikaponda vigae na kuvichekecha pamoja na kokoto ndogo ili maji yapite yasitulie, nikaufunga kwa waya kupitia matundu ya chungu hata ukiusukuma hautikisiki. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku tangu 2017, kwa hiyo nikakata nailoni lililokuja na godoro, nikaufunika ili unyevu usitoroke, kila siku nikilifunua kidogo upate hewa. Nikauweka chini ya ngazi, penye mwanga lakini jua lisipofika. Binti yangu akanitania kwamba mti nimeuweka eda. Maji nilinunua ya mkokoteni, na sikuumwagilia mpaka kijiti cha mshikaki nilichokichomeka kwenye kokoto kitoke kikavu. Mbolea hata chembe.

Tarehe 5 Machi, baada ya daku, nikamulika kwa simu: chipukizi moja, nyekundu kidogo, haijafunguka. Leo ni matatu. Tawi la kushoto, lile refu lililokuwa uzuri wote wa mti, limekufa. Hilo halirudi.

Nilipoanza kuandika nilikusudia kudai 3,500 zangu tu. Sasa ongezeni nauli ya tuktuk na gharama za waya na maji, jumla 4,900, kabla ya Idi. Nataka pia barua ya kuomba radhi, yenye sahihi yako wewe na si ya karani. Na kijana aniombe radhi palepale aliponidhalilisha, saa za wateja, si ofisini mlango umefungwa. Na lile bango la mtaalamu literemshwe, kwa sababu kuna mwenzangu mwenye mbuyu wa chunguni wa miaka 20 anataka kuwaletea, na nimeshamzuia.

Nilisema kabla ya Idi. Hapana, mtanichukulia mpole. Nawapa siku 7 tangu mpokee barua hii. Zikipita, nakwenda Mahakama ya Madai Madogo, ambako sihitaji wakili, na huko sitadai 4,900. Nitadai tawi la miaka 16, bei nitaipanga mimi, hakimu aipunguze akitaka. Picha ninazo za kila siku, na yule bibi wa asumini ameniambia atakuja kushuhudia.

Msinijibu kwamba niulete mti mkaukague. Hautoki tena hapa. Anayetaka kuhakikisha aje Kibokoni baada ya saa kumi, avue viatu mlangoni, autazame, asiuguse.

Aliyekuwa mteja wenu.