Windows Shilingi 18,000: Ni Haki, au Tunakamuliwa?

Laptopu ya ex-UK, yaani ya mitumba kutoka Uingereza, hapa Kakamega utaipata kwa shilingi elfu kumi na tano hadi ishirini hivi, pamoja na chaja. Windows 11 Home, programu kuu inayoendesha kompyuta, kwa bei ya Microsoft yenyewe kule Marekani ni dola 139, karibu shilingi 18,000. Ndiyo maana wateja hawaachi kutuuliza sisi mafundi wa kompyuta kwenye kaunta: "Kwani programu inaweza kuwa bei moja na mashine?" Wengine hawaulizi. Wanacheka tu na kutuambia tuweke "ile ya kawaida." Tunaijua, ni Windows ya wizi isiyolipiwa, na hatuiweki.

Tuanze na bei yenyewe. Kutoa nakala nyingine ya programu hakugharimu karibu chochote; pesa huenda kwa walioiandika na wanaoziba mianya yake kila mwezi. Kwa hivyo bei haifuati gharama ya nakala yako, inafuata hesabu ya utavumilia kulipa kiasi gani. Hilo si porojo la mafundi. Serikali ya Marekani na majimbo kadhaa waliishtaki Microsoft kwa ukiritimba mwaka 1998, na Jaji Thomas Penfield Jackson alipotoa matokeo yake Novemba 1999, alitaja utafiti wa ndani wa kampuni hiyo wa mwaka 1997. Wenye Windows ya zamani wangeweza kuuziwa Windows 98 kwa dola 49, na jaji hakuona sababu ya kuamini kwamba bei hiyo ingeleta hasara. Lakini dola 89 ndiyo ingeleta mapato makubwa zaidi, basi wakachagua 89. Jaji huyo alieleza pia kwamba Windows 98 ilipokaribia kutoka, bei ya Windows 95 kwa watengenezaji wa kompyuta ilipandishwa hadi ikalingana na ya mpya. Hebu fikiria, toleo kuukuu linapanda bei kwa sababu jipya linakuja!

Kampuni ilijitetea kwamba mwenye ukiritimba wa kweli angetoza zaidi ya hapo. Amri ya jaji huyo ya kuigawanya kampuni ilitenguliwa na mahakama ya rufaa mwaka 2001, lakini uamuzi kwamba ilikuwa imelinda ukiritimba wake kinyume cha sheria ulibaki.

Sisi tunaonaje? Kulipia kazi ya mtu ni haki, na Windows ni kazi kubwa. Kinachotukera ni kwamba kuhama ni kugumu. Kijiji kikiwa na mashine moja tu ya kusaga, mwenye mashine hahitaji kuwa mwizi ili bei ipande. Karani wa shule ana mitihani ya miaka yote kwenye Word, mhasibu ana faili za Excel zenye makro, yaani amri zinazojiendesha zenyewe ndani ya faili, kama zile za kujazia ritani za KRA, mamlaka ya kodi ya Kenya. Ukimwambia ahamie kwingine anakuuliza nani atampangia upya majedwali yake, na hana kosa. Januari 2025, bei ya Microsoft 365 Personal, usajili wa kulipia Word na Excel, kule Marekani ilitoka dola 69.99 kwa mwaka hadi 99.99, ikiwa imeongezewa Copilot, msaidizi wa akili bandia. Oktoba 2025, tume ya ushindani ya Australia iliipeleka kampuni kortini ikidai wateja hawakuelezwa wazi kwamba wangeweza kubaki na mpango wa zamani usio na Copilot.

Sasa turudi kwa mifuko yetu, kwa sababu wengi wanaokuja hapa hawakamuliwi na Microsoft. Wanakamuliwa huku huku nyumbani.

Mwalimu mmoja kutoka upande wa Shinyalu alileta laptopu ya ex-UK yenye yale maandishi ya kijivu pembeni mwa skrini, "Activate Windows." Alikuwa ameshaambiwa mahali fulani alipe leseni upya. Tulipoifungua tukakuta amewekewa Enterprise, toleo la Windows la makampuni makubwa, ilhali mashine ilitoka kiwandani na toleo la Pro. Tukafomati, tukaweka Pro, tukaiunganisha na wifi, na maandishi yakatoweka bila kuandika ufunguo wowote, yaani ile nambari ya leseni. "Mwalimu, leseni imo ndani ya bodi. Ililipiwa kitambo." Akauliza, "Na hawa wengine hawakuiona?" Hilo tulimwachia.

Tangu enzi za Windows 8, watengenezaji wengi huweka ufunguo ndani ya bodi mama. Ukiweka toleo linalolingana nao, Windows inausoma yenyewe. Bodi ikibadilishwa, leseni hiyo kwa kawaida huenda nayo, kwa hivyo muulize muuzaji kama bodi ni ya asili.

Kuhusu zile funguo za bei ya kutupwa mtandaoni: nyingi ni za makampuni yaliyonunua kwa jumla, zinauzwa rejareja bila ruhusa, na zinaweza kufungiwa wakati wowote. "Ile ya kawaida" ni mbaya zaidi. Mara nyingi inakutaka uzime kinga ya virusi kwanza. Mtu anayekuomba uzime kinga kwenye mashine unayofungulia benki, wewe unamwamini kwa lipi?

Windows 10 iliacha kupata masasisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na laptopu nyingi za ex-UK zenye prosesa ya Intel ya kizazi cha sita au cha saba hazikubaliki rasmi kwenye Windows 11. Microsoft ilitoa mwaka mmoja zaidi wa masasisho ya usalama kwa dola 30, au bure ukihifadhi mipangilio yako kwenye akaunti yao. Watu wa Ulaya walipewa bure bila sharti hilo la kuhifadhi, baada ya watetezi wa watumiaji kule kupiga kelele. Sisi hatukupiga.

Kama kazi yako ni barua, bajeti ya chama na mtandao, tutakuwekea LibreOffice badala ya Word na Excel, na kwa mashine kongwe Linux Mint badala ya Windows. Zote ni za bure, unalipia kazi yetu tu. Mwanafunzi mwenye barua pepe ya chuo aulize kwanza kama chuo chake kimejisajili kupata Office ya bure ya mtandaoni. Lakini mwenye faili za makro tunamwambia abaki na Excel. Hatutamdanganya.

Kukagua leseni hatutozi. Njoo na chaja na nenosiri lako, na faili zako uzihamishe kwenye flashi mapema au utuambie tukuhamishie, kwa sababu kufomati kunafuta kila kilicho kwenye diski C.