Wauza spea, tuandikieni namba na saizi, siyo jina la gari

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako niongee na wenzangu wenye magari ya zamani, na hasa wauza spea wa Dar, Mwanza na Arusha wanaotuhudumia sisi wa mikoani kwa simu na vifurushi vya basi. Mi naishi Ng'ambo hapa Tabora, nina Land Rover 109 Series III ya petroli aliyoniachia marehemu baba, kadi inasema ya mwaka 1978, na toka mwezi wa pili iko juu ya mawe uani, injini imeshushwa, bloku, yaani mwili wa injini wenye silinda, liko kwa fundi limefunikwa gunia.

Kuna watu wananiambia uza chuma hicho ununue Noah. Sawa, lakini Noah haifiki ninakokwenda. Baba alibebea tumbaku ya Urambo na hilo gari, mimi nabebea asali kutoka maporini Sikonge, ndoo za lita 20 zimejaa nyuma mpaka zinagusa turubai, na masika ikichanganya ile njia inabaki ya trekta na Land Rover basi. Kwahiyo hapa siongelei pambo, naongelea gari la kazi.

Kila ukikaa na wenye magari haya utasikia wimbo ni huohuo, spea za Land Rover ghali, spea hazipatikani. Na mimi nilikuwa naamini hivyo. Sasa baada ya miezi yote hii nakataa. Spea zipo na nyingi bei yake inavumilika, kilicho ghali ni kununua kitu kisicho chenyewe. Mimi nimenunua pistoni, zile zinazopanda na kushuka ndani ya silinda, mara tatu kwa injini moja, Mhariri, mara tatu, na iliyokuwa sahihi ni ya tatu tu.

Mara ya kwanza nilipiga simu Dar, nikamwambia jamaa nataka pistoni za Land Rover ya injini ya lita mbili na robo, akasema zipo mzee, tuma hela, nikatuma. Kifurushi kikafika stendi baada ya siku mbili tatu, nikakipeleka mbio kwa fundi wangu, mzee mmoja ameanza kushika spana kabla mimi sijazaliwa. Akafungua boksi, akafuta pistoni moja kwa kitambaa chenye petroli, akaigeuza juani, akanyamaza. Alafu akanionyesha kidole kichwani mwa pistoni, pale juu palikuwa pamechongwa shimo. Akaniambia mwanangu hii ni ya dizeli.

Sasa hapa ndipo wengi tunaliwa bila hata mtu kutuibia. Land Rover ilitoa injini ya mbili na robo ya petroli na ya dizeli, zote ni cc 2286, zote kipenyo cha silinda ni milimita 90.47 na stroki, yaani mwendo wa pistoni kupanda na kushuka, ni 88.9. Ukipima kwa vernia kipenyo kinalingana kabisa, lakini dizeli inabana hewa 23 kwa 1 na petroli ni 8 kwa 1 au 7 kwa 1, kwahiyo pistoni ya dizeli na ya petroli haziwezi kuwa kitu kimoja hata kidogo. Na haijaishia hapo maana baadaye ikaja ya petroli ya lita 2.5, kipenyo ni kilekile 90.47 ila stroki imeongezwa ikawa 97. Injini tatu, kipenyo kimoja, pistoni tofauti. Muuzaji anachomoa rafu anasema hii hapa ya Land Rover, na hajadanganya, ni ya Land Rover kweli, ila siyo ya kwako.

Dukani wakagoma kurudisha, mali ikishatoka haipokelewi. Nikaja kuziuza kwa hasara kwa jamaa wa Nzega mwenye dizeli.

Mara ya pili nikasisitiza petroli, petroli, petroli, wakaniletea petroli kweli. Fundi akachukua moja akaiingiza kwenye silinda, ikawa inacheza kama kijiko kwenye kikombe. Juu imegongwa STD, yaani saizi ya kiwandani. Kumbe bloku letu lilishachongwa zamani, kabla hata baba hajalinunua mnadani, likapelekwa 020, maana yake silinda ilishaongezwa sehemu 20 za elfu za inchi, ambayo ni kama nusu milimita. Nusu milimita tu lakini kwa pistoni huo ni uwanja wa mpira. Baba hakujua, mimi sikujua, na aliyeniuzia hakuniuliza.

Ndipo yule mzee akanikalisha chini akaniambia hatununui kitu tena mpaka tupime. Akaazima geji ya silinda ile yenye saa, akapima kila tundu juu kidogo chini ya ule ukingo unaoachwa na ringi za pistoni, katikati na chini, alafu akaigeuza akapima tena kwa upande mwingine, maana silinda hailiki duara, inalika zaidi upande pistoni inakoegemea. Tundu la kwanza lilisoma 91.2 juu. Saizi ya 020 ni 90.98 hivi, kwahiyo tulishapita, hakuna ringi mpya itakayoziba hapo, dawa ni kwenda 040 ambayo ni kama 91.49. Akaandika namba zote kwenye karatasi ya daftari la shule kwa peni, tundu moja mpaka nne. Hiyo karatasi ndiyo iliyoniokoa na ninayo mpaka leo imelowa oili.

Na akanifundisha kitu ambacho natamani kila mtu anayetaka kuovaholi injini akijue: pistoni zinanunuliwa kwanza, bloku linachongwa baadaye. Wengi tunafanya kinyume, tunampelekea mchongaji bloku, anachonga 040, alafu ndio tunaanza kuzunguka kutafuta pistoni za 040 na zikikosekana tumekwisha, maana chuma kilichotolewa hakirudi, itabidi uweke slivu, yaani silinda ya kupachika ndani, urudishe saizi ya mwanzo na hiyo ni gharama nyingine. Ukiwa na pistoni mkononi mchongaji anazipima zenyewe, moja moja, na anachonga kila tundu kufuata pistoni yake.

Metali za kranki, yaani vile vipande ambavyo mhimili unaozungushwa na pistoni unazungukia ndani yake, nazo zilinipiga, hii naieleza haraka. Injini hizi kabla ya 1980 zilikuwa na meni tatu, yaani kranki inashikiliwa sehemu tatu, kuanzia 1980 zikawa meni tano. Kadi yangu 1978 kwahiyo nikaagiza seti ya meni tatu. Fundi aliposhusha sampo, lile beseni la oili chini ya injini, tukahesabu kepu zinazoshikilia kranki, tano. Mwenye gari wa kabla ya baba alishabadilisha injini. Kwahiyo kadi ya gari isikudanganye, shusha sampo uhesabu kwa macho.

Kitu kingine watu wanalipia bei ya jina. Oili sili karibu zote zina saizi yake imeandikwa ubavuni, ndani, nje na unene, na bearing za kuzunguka namba yake ni ileile dunia nzima. Alteneta, ile inayochaji betri, niliyofunga mimi siyo ya kiwandani na bearing yake ya mbele ni 6203, sasa 6203 ni 17 ndani, 40 nje, 12 unene, iwe ya pikipiki, ya pampu ya maji au ya mashine ya kusaga. Ukienda duka la magari ukasema nataka bearing ya alteneta ya Land Rover utapewa bei ya Land Rover, ukienda duka la bearing ukasema 6203 utapewa bei ya 6203. Nimefanya hivyo hapahapa Tabora mjini na tofauti nimeiona mfukoni.

Land Rover wenyewe wana namba za spea zao, za zamani nyingi ni tarakimu 6 tupu, za baadaye nyingi zina herufi tatu na tarakimu nne, mfano chujio la oili la hizi injini ni RTC3184. Ukiitamka hiyo namba kwa mtu wa spea wa Dar, Nairobi au huko Uingereza kwenyewe, wote watakuletea kitu kimoja. Ukisema fulta ya Land Rover kila mmoja analeta yake.

Kuhusu wapi pa kununua, nilipozunguka nimeona hivi. Gerezani na Kariakoo kuna kila kitu ila lazima uende na namba au na kifaa cha zamani mkononi, ukituma mtoto mikono mitupu anarudi na chochote. Arusha kwa Land Rover wako mbele sana, magari ya watalii yamewafanya wazijue, na wengi ukiwapigia wanaanza kukuuliza maswali wao, petroli au dizeli, meni ngapi, saizi gani, hao ndio wa kufanya nao biashara hata kama wamezidi bei kidogo. Nairobi kule Kirinyaga Road wapo pia, ila hapo weka na usumbufu wa mpakani. Uingereza bado spea mpya za magari haya zinatengenezwa, bei ya kifaa unaweza ukaiona ndogo ukafurahi, alafu weka usafiri, ushuru na VAT ya asilimia 18, ukiagiza kitu kimoja peke yako haina maana.

Mtumba nao siukatai. Kava la juu, kava la taiming, manifoldi, sampo, hata konrodi, ile fimbo inayounganisha pistoni na kranki, kama imenyooka na imepimwa, nunua mtumba kwa amani. Ila ringi, metali, gasketi, oili sili na cheni ya taiming usiguse, hizo ni mpya tu, anayekwambia metali mtumba ni nzima anataka injini yako irudi gereji. Na gasketi nunua fulu seti, ukichukua moja moja utalipa zaidi.

Sasa ombi langu kwa wauza spea. Andikeni kwenye risiti namba ya spea na saizi, STD, 020, 040, petroli au dizeli. Siyo "pistoni L/Rover pc 4". Ikiandikwa hivyo nikikosea mimi nitajua nimekosea mimi, na mkikosea nyie mtanibadilishia bila ugomvi, maana mi niko Tabora, siwezi kupanda basi kuja kubishana dukani. Na kabla ya kupokea hela ya mtu wa mikoani muulize kwanza maswali mawili matatu, au mwambie apige picha ile pistoni ya zamani kichwani na ubavuni.

Kwa mafundi wenzetu, msimtume mwenye gari dukani kwa mdomo. Mpeni karatasi yenye vipimo. Na kama fundi hana geji, basi tuna chuo cha ufundi cha VETA hapa Tabora na shirika la viwanda vidogo SIDO nao wapo, naomba kama vifaa vya kupimia silinda na kranki wanavyo watangaze bei, mtu alete bloku apimiwe alipie apewe karatasi yake. Mi ningelipa hata elfu 30 bila kulalamika, pistoni za kwanza peke yake zilinitia hasara zaidi ya mara tano ya hiyo.

Pistoni za 040 nimeshapata, zimetoka Arusha, ziko ndani chini ya kitanda zimefungwa kwenye karatasi yake ya oili na bloku linakwenda kuchongwa wiki ijayo. Kranki imesagwa, imetoka 010, yaani imepunguzwa sehemu 10 za elfu za inchi, meni na konrodi, kwahiyo kilichobaki ni metali za 010 za meni tano na fulu seti ya gasketi. Kama kuna wenzangu wa Tabora, Urambo, Kaliua au hata Kigoma wenye injini kama hii na wanahitaji chochote, njooni na vipimo vyenu tuagize mzigo mmoja tugawane usafiri, namba yangu nimemwachia Mhariri. Ila iwe kabla ya Novemba, mvua zikianza nataka niwe njia ya Sikonge.

Mwenye 109,
Ng'ambo, Tabora