Kovu la kwanza, wiki ya 41 na chupa ya mama mkwe

Shangazi, shikamoo.

Nakuandikia nikiwa nimeegemea mito mitatu, maana kulala chali siwezi tena na ubavu wa kushoto nao umechoka kulaliwa. Leo Jumapili kadi ya kliniki inanihesabia wiki 40 na siku 3. Alhamisi nikitimiza 41 bila uchungu, natakiwa kufika hospitali na begi langu nikiwa nimeshaamua: kuanzishiwa uchungu au kupasuliwa.

Ingekuwa mimba ya kwanza nisingekusumbua. Mtoto wangu mkubwa nilimzaa kwa upasuaji mwaka 2021, alikuwa ametanguliza matako. Hakuna aliyekaa na mimi kunieleza lolote. Nilisaini karatasi huku nalia, na mpaka leo nikipita karibu na jengo lile naangalia upande wa pili. Huyu wa sasa amekaa vizuri, kichwa chini, na daktari wangu amesema haoni cha kunizuia kujaribu kuzaa kawaida. Shida ni kovu la ule upasuaji, lililobaki kwenye kizazi.

Nilivyomwelewa ni hivi. Vile vidonge wanavyopewa wengine kulainisha mlango wa kizazi, mwenye kovu hapewi, kwa sababu uchungu unaweza kuja kwa nguvu kupita kiasi na kovu likaachia. Mimi ananipendekezea mpira. Ni ule ule mpira wa mkojo, ila unapitishwa kwenye mlango wa kizazi, kichwa chake kinajazwa maji kikawa kama puto, kisha unaachwa usukume taratibu, pengine siku nzima, mpaka njia ifunguke sentimita tatu hivi udondoke wenyewe. Baada ya hapo wanapasua chupa ya uzazi, na ikibidi wanaweka dripu ya uchungu kidogo kidogo huku wakisikiliza mapigo ya mtoto. Nilimuuliza kovu huachia mara ngapi. Akasema kwa wanaoanza uchungu wenyewe ni kama mama mmoja katika 200, na ukianzishiwa hatari hupanda mara mbili mpaka tatu. Ndiyo maana hataki nifanyie zahanati. Anataka mahali penye chumba cha upasuaji na damu tayari.

Mume wangu aliposikia hizo hesabu alinyamaza mpaka tukafika nyumbani. Anaendesha Hiace ya Moshi–Himo, mtu wa maneno mengi, lakini siku ile hata redio hakuwasha. Baadaye akasema, "Mama Glory, kisu tunakijua, tumeshakiona. Chukua tarehe ukapasuliwe." Simlaumu, anaogopa. Ila mimi nauza nguo za watoto pale soko la Memorial, na mara ya kwanza nilikaa zaidi ya miezi miwili kabla sijaweza kuinua belo. Halafu tunataka watoto wanne. Makovu mawili maana yake wa tatu naye karibu hakika ni kisu, na kila kovu linaongeza uwezekano wa kondo la nyuma kujishika pabaya kwa mimba inayofuata. Hilo la kondo mume wangu halisikii, anaona ni mambo ya mbele.

Wifi yangu yeye alianzishiwa kwa vidonge, mwanawe sasa yuko darasa la pili. Akaniletea kimoja kwenye kikaratasi, eti nikate nusu. Nikamuuliza nesi bila kumtaja wifi, akashika kichwa. Kumbe kidonge kimoja ni mikrogramu 200, na wodini mama asiye na kovu huanziwa 25! Nusu yake ni dozi nne kwa mpigo. Nilikitupa chooni, wifi nikamwambia nimekipoteza.

Sasa mama mkwe. Ameshuka kutoka Marangu na ndizi za mtori na chupa ya nusu lita ya dawa ya mizizi. Amezaa saba nyumbani na anaapa kwamba nikinywa vikombe viwili, jioni nitashika mtoto. Majina ya miti hataji. Nesi anasema dawa za namna hiyo zinaweza kusukuma kizazi kama vile vidonge, tena bila mtu kujua kipimo. Chupa nimeiweka chini ya kitanda. Nikuambie ukweli, juzi usiku niliifungua nikanusa.

Maana mengine nimeshajaribu. Nanasi nimekula mpaka ulimi umechubuka. Nimetembea Pasua mpaka soko la Mbuyuni na kurudi. Ijumaa daktari alipitisha kidole kutenganisha utando wa chupa na mlango wa kizazi, nikatoka na matone ya damu na maumivu ya kiuno mpaka alfajiri, nikasema ndiyo leo. Kulipokucha kimya. Njia ni sentimita moja, na bado ngumu.

Kuna jambo jingine linaninyima usingizi. Hedhi ya mwisho siikumbuki, na utrasaundi ya kwanza nilipiga mimba ikiwa na miezi sita, ambapo hesabu inaweza kukosea hata kwa wiki mbili. Je, kama sijapitisha siku bado? Daktari anajibu kwamba kama ni kukosea, inawezekana pia nimepitisha zaidi, na kondo linavyozidi kuchoka, mtoto ndiye anayeumia. Kwa hiyo hataki tuvuke 41. Mtoto anacheza vizuri, nahesabu kila jioni.

Mimi moyo unaelekea kwenye mpira. Lakini naomba kusikia kwa mama mwenye kovu aliyewekewa: maumivu yalikuwaje, na ulipoona njia haifunguki ulikubali saa ngapi kwenda kupasuliwa? Na wewe Shangazi, nisaidie maneno ya kumwambia mama mkwe. Ananipenda kweli, hata mbuzi wa uzazi ameshamfunga zizini. Kila asubuhi ananiuliza, "Umekunywa?" nami najibu, "Nitakunywa, mama."

Mama Glory
Pasua, Moshi