Ule wa kwenye picha ni mkunazi wa porini

Mhariri, asalaam aleikum. Mi msomaji wenu wa siku nyingi hapa Ngamiani, Tanga, nawaandikia kuhusu ile picha ya kichaka chenye maua mliyoweka wiki iliyopita mkaandika chini yake kwamba ni mkunazi, ndugu wa hothoni (hawthorn), kile kichaka cha miiba cha Ulaya. Jamani, hapana. Hothoni iko ukoo wa mawaridi pamoja na tufaha, mkunazi una ukoo wake mwingine, kilichowafanya muwape undugu ni miiba tu na miiba hata mlimao unayo.

Halafu ule wenyewe sio mkunazi wetu wa uani, ni wa porini. Kwa miiba huwezi kuujua maana yote inatoa miwili miwili, mmoja umenyooka mwingine umejikunja kama ndoana, na maua ni yaleyale madogo ya kijani-njano, nyuki wamejaa. Geuza jani! La mkunazi wa uani chini ni jeupe, ukipitisha kidole unasikia manyoya laini, la porini chini ni kijani, juu linang'aa, kitako kimeenda upande na ncha imechongoka, ndo maana Willdenow, mtaalamu wa mimea Mjerumani, mwaka 1809 akauita Ziziphus mucronata, yaani wenye ncha. Wa uani ni Ziziphus mauritiana, jina alilolitoa Mfaransa Lamarck mwaka 1789. Tunda la porini nalo likiiva ni la rangi ya udongo, kavu, ungaunga, sio kama kunazi tunazonunua.

Nalishikilia hili kwasababu bibi yangu ndo alikuwa anaitwa mtaani kuosha maiti za wanawake, na mi nikiwa mdogo ndo natumwa majani ya mkunazi ya kutwanga kutia kwenye maji. Siku moja nikachuma ya porini kwa haraka, bibi akageuza jani moja tu, akapitisha kidole gumba, akanambia rudi mjukuu wangu, hili silo. Hakuwa amesoma hata darasa moja.

Kwahiyo siku nyingine pigeni picha ya jani upande wa chini pia, na tunda. Kama bado mna wasiwasi kateni tawi lenye ua na tunda mlilaze ndani ya gazeti likauke, mumpelekee mtaalamu wa mimea, Amani hapo juu ya Muheza kazi hizo zilianza enzi za Wajerumani, 1902. Na hiyo picha naomba muirudie na jina lake.

Msomaji, Ngamiani