Umri wa lugha ya programu si hoja

Ndugu Mhariri,

Imezoeleka kuwaonya waandishi wa programu za kompyuta wasijifunge katika lugha iliyozeeka, kwa madai kwamba siku itakapoachwa wataachwa pamoja nayo. Naomba nafasi gazetini mwako niseme kwamba onyo hilo linapima umri, jambo lisilotabiri chochote.

Lugha ya COBOL ilibuniwa mwaka 1959, na mpaka leo inaendesha hesabu za benki, bima na malipo mengi ya serikali. Mwezi Aprili 2020, maombi ya mafao ya waliopoteza kazi kutokana na korona yalipofurika, gavana wa New Jersey nchini Marekani, Phil Murphy, alitangaza hadharani kwamba anawahitaji wajuzi wa COBOL. Ilhali lugha ya ActionScript, iliyozaliwa miongo minne baadaye, ilitegemea Flash, programu ya kuonyesha michezo na katuni kwenye tovuti, mali ya kampuni moja. Kampuni hiyo, Adobe, ilipoisitisha Flash mwishoni mwa 2020, walioitegemea hawakuwa na pa kukimbilia.

Kinachoilinda lugha ni mzigo iliyobeba. Programu ya mishahara iliyorekebishwa kwa miongo kadhaa hukusanya ndani yake kanuni za kodi, makato na misamaha ambayo pengine haikuandikwa kwingine kokote, na anayethubutu kuhamisha mfumo wa namna hiyo huhatarisha mengi. Benki ya TSB ya Uingereza ilipohamia mfumo mpya Aprili 2018, wateja wapatao milioni 1.9 walishindwa kuingia katika akaunti zao (wala sidai kwamba kosa lilikuwa la lugha). Sarufi ya COBOL hujifunzwa kwa wiki chache. Kinachochukua miaka ni kuzielewa kanuni hizo, na huo ndio ubobezi ninaoutetea.

Nakiri kwamba waajiri wa ujuzi huu ni wachache, na mwenye mwajiri mmoja hana nguvu ya kudai mshahara. Dawa yake, kwa maoni yangu, si kuonja lugha tano kijuujuu, bali kuongeza ile inayopakana na kazi yake, kama SQL ya hifadhidata au Java inayouunganisha mfumo wa zamani na simu za wateja.

Nao waajiri wanaolalamikia uhaba wa wataalamu waeleze kwa nini matangazo yao hudai uzoefu wa miaka kumi, wakati wao wenyewe hawamfundishi kijana hata mmoja.

Wako,
Mwandishi wa programu