Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: Mgonjwa wa ini la pombe afunguliwe faili bila kusubiri miezi 6

Mheshimiwa Waziri wa Afya,
Jamhuri ya Muungano wa Tanzania,
Dodoma.

YAH: RUFAA ZA UPANDIKIZAJI WA INI KWA WAGONJWA WALIOATHIRIWA NA POMBE

Mheshimiwa, pokea salamu na heshima zetu. Tunaoandika ni wahudumu wa afya tunaolaza na kufuatilia wagonjwa wa ini. Tunaomba mwongozo wa rufaa za nje ya nchi utamke bayana kwamba mgonjwa ambaye ini lake limeharibiwa na pombe afunguliwe faili la upandikizaji mara hali yake inapodai, bila sharti la kumaliza kwanza miezi 6 ya kutokunywa.

Sharti hilo lilienea Marekani katika miaka ya 1990. Maini yalitoka kwa marehemu, foleni ilikuwa ndefu, na ini alilopewa mmoja lilimkosa mwingine. Mgonjwa wetu hayumo kwenye foleni hiyo. Mtanzania anayepelekwa India huenda na ndugu yake atakayekatwa kipande cha ini. Asipokipata yeye, hakuna mgonjwa mwingine atakayekipata.

Kusubiri kuna faida yake, na hatuipuuzi. Mtu akiacha pombe kabisa, ini linaweza kupata nafuu kiasi kwamba ndani ya miezi 3 hivi maji ya tumboni yanapungua na umanjano wa macho unafifia. Huyo hahitaji kisu. Lakini kalenda peke yake haitabiri vizuri nani atarudia pombe. Yanayosema zaidi ni kama ana mtu wa kuishi naye, kama ana sonona isiyotibiwa, kama anatumia dawa nyingine za kulevya, na kama amewahi kutibiwa uraibu akashindwa.

Yupo pia asiye na miezi ya kusubiri: mwenye ini lililovimba vikali kwa sababu ya pombe. Kama hana maambukizi, huanzishiwa prednisoloni, dawa ya kutuliza uvimbe, miligramu 40 kwa siku, na siku ya 7 hupigiwa hesabu ya Lille, inayoonyesha kama dawa hiyo inamsaidia. Ikifika 0.45 au zaidi, dawa haijafanya kazi, na wengi wa hao hufariki ndani ya miezi michache. Mwaka 2011 daktari Philippe Mathurin na wenzake wa Ufaransa na Ubelgiji walichapisha matokeo ya wagonjwa 26 wa aina hiyo waliochujwa kwa makini, kisha wakapandikizwa mapema. Baada ya miezi 6 asilimia 77 walikuwa hai. Kati ya waliolinganishwa nao bila kupandikizwa, asilimia 23. Waliorudia kunywa baadaye walikuwa 3.

Kwa hiyo faili liulize maswali yenye maana. Alama za MELD, zinazopima ukali wa ugonjwa wa ini kutokana na vipimo vya damu vya bilirubini, kreatinini, INR (kuganda kwa damu) na sodiamu, zikifika 15, mazungumzo ya upandikizaji yaanze. Kipimo cha damu cha PEth huonyesha pombe iliyonywewa wiki 2 hadi 4 nyuma; kirudiwe, na mgonjwa aelezwe kwa nini. Mtaalamu wa afya ya akili azungumze naye, kisha na ndugu, kila mmoja peke yake. Na isidhaniwe kwamba kila mnywaji mwenye tumbo lililojaa maji ameumizwa na pombe tu: hepataitisi B ipimwe, na kwa watu wa Kanda ya Ziwa kichocho cha tumbo kitafutwe.

Mchangiaji naye ni mgonjwa mtarajiwa. Hukatwa upande wa kulia, takribani asilimia 60 ya ini lake, na hatari ya kufa inakadiriwa kuwa watu 2 hadi 5 katika kila 1,000. Anayebaki na chini ya asilimia 30 asikatwe. Kipande kinachotolewa kiwe walau asilimia 0.8 ya uzito wa mpokeaji, yaani gramu 560 kwa mtu wa kilo 70, na uzito huo uhesabiwe bila maji ya tumboni. Sheria ya India ya mwaka 1994 na marekebisho yake hutaka uhusiano wa mgeni na mchangiaji wake uthibitishwe. Haielezi kikao cha ukoo kilivyomteua kijana ambaye hakuthubutu kukataa. Kijana huyo aonwe faragha hapa nyumbani, kabla ya viza, aambiwe kwamba akisita familia itaelezwa tu kuwa hafai kuchangia.

Yanayotutia hofu kuliko yote huanza baada ya ndege kurudi. Takrolimasi, dawa ya kuzuia mwili usilikatae ini jipya, humezwa kila baada ya saa 12 maisha yote, na damu ya kupima kiwango chake hutolewa asubuhi kabla ya dozi. Mgonjwa akimeza nyumbani kisha akaja maabara, kiwango husomeka juu, daktari hupunguza dawa, na mwili huanza kulikataa ini. Akipata kifua kikuu akaanzishiwa rifampisini, kiwango huporomoka ndani ya siku chache. Hospitali za Muhimbili, tangu 2017, na Benjamin Mkapa ya Dodoma, tangu 2018, wanapandikiza figo na wanazijua dawa hizi. Wagonjwa wa ini wakabidhiwe kwao kwa barua kabla ya kuondoka nchini, na upatikanaji wa takrolimasi uhakikishwe kabla tiketi haijakatwa.

Uraibu nao utibiwe kabla na baada ya upasuaji. Muhimbili ilifungua kliniki ya methadoni, dawa ya kuwatibu waraibu wa heroini, mwaka 2011. Utaratibu ule wa washauri nasaha na wahudumu wa jamii unaweza kupanuliwa umhudumie mraibu wa pombe. Baklofeni, dawa ya kupunguza hamu ya pombe, inaweza kutumika kwa uangalifu kwa mwenye makovu ya ini, ila si kwa aliyeanza kuchanganyikiwa; disulfiramu, dawa inayomfanya mtu augue akinywa pombe, isitumike. Na katika kila wodi, mnywaji anayeletwa hoi apewe thayamini (vitamini B1) kabla ya dripu ya glukosi, kwa sababu glukosi ikitangulia inaweza kumharibia ubongo.

Mheshimiwa, tuko tayari kuandaa rasimu ya ukurasa huo wa mwongozo pamoja na wataalamu wa wizara yako, tukianza na fomu ya mahojiano ya mchangiaji.

Wako katika kulitumikia Taifa,
Wahudumu wa wagonjwa wa ini