Waliochuma karafuu hawakuwa "wafanyakazi"

Ndugu Mhariri,

Nalisoma gazeti lako tangu nilipokuwa nasomesha, na kwa miaka yote hiyo sijakuandikia hata mara moja. Safari hii nimeshindwa kunyamaza. Ripoti yenu juu ya nyumba kongwe za mashamba ya Unguja, ile iliyosifu bustani, visima na wingi wa wageni, haikuwataja kabisa watu waliozilisha nyumba hizo. Mwanzo nilidhani mwandishi amepitiwa. Kumbe hata ukenda huko huko kwenye nyumba zenyewe, hadithi ni hiyo hiyo.

Idi iliyopita nilikwenda na binti yangu na mjukuu wangu wa miaka tisa kuitazama nyumba moja kama hizo, nje kidogo ya mji. Jina siliandiki, maana kasoro hii haiko kwake peke yake. Tulikata tiketi, tukaambiwa tungoje basi la wageni ili tutembezwe pamoja. Tukangoja karibu saa nzima juani. Basi lilipofika, mtembezaji, kijana wa hapa hapa, akaeleza kila kitu kwa Kiingereza, na Kiswahili chetu kikaja kwa vipande vipande, tena wageni walipokuwa wanapiga picha. Nasi tumelipa!

Ni kijana anayejua mambo yake, hilo silikatai. Alitaja hamamu ya Kidichi, iliyojengwa 1850 kwa ajili ya mke wa Kiajemi wa Sultani Seyyid Said. Alitaja jumba la Mtoni alikozaliwa Bibi Salme, binti wa sultani huyo, mwaka 1844, na jumba la Maruhubi lililoungua 1899. Akasimulia Seyyid Said alivyoamuru kwamba kwa kila mnazi mmoja ipandwe mikarafuu mitatu. Kisha tukapita nyuma, kwenye sakafu ya kuanikia karafuu. Imepasuka, majani yameota ndani ya nyufa, lakini ukiinama unaona sehemu zilizolainika hata zinang'aa, kwa nyayo za miguu mitupu iliyopita pale miaka na miaka. Nikamuuliza, "Mwanangu, waliokuwa wakichuma na kuanika hapa ni nani?" Akanijibu, "Wafanyakazi wa shamba, mzee." Mjukuu wangu akanivuta mkono: "Babu, walikuwa wakilipwa shilingi ngapi?" Nikamwambia zamani hizo pesa zilikuwa nyengine. Mimi, mwalimu wa miaka thelathini, nilimjibu mtoto hivyo, na mpaka leo jibu lile linanikaa kooni.

Hawakulipwa, Mhariri. Walinunuliwa. Walitolewa Unyasa, upande wa Ziwa Nyasa, kwa Wayao, kwa Wazaramo, wengine wakiwa watoto, wakatembezwa kwa miguu mpaka pwani, wakauzwa, wakapelekwa mashamba. Sisi tumezoea kuisimulia biashara ya utumwa kana kwamba ilipita tu mjini ikenda zake. Mgeni hupelekwa Mkunazini, akaliona kanisa lililojengwa pale palipokuwa na soko la watumwa, akaziona zile sanamu za watu waliofungwa minyororo ndani ya shimo, akaondoka akiamini kuwa wote walipakiwa majahazini wakapelekwa ng'ambo. Wengi mno hawakuondoka. Walibaki hapa hapa, maili chache kutoka sokoni, juu ya mikarafuu. Na soko lilipofungwa 1873, mashamba hayakufungwa. Utumwa wenyewe uliendelea mpaka amri ya 1897, na hata hapo mtu ilimbidi aende mwenyewe kuomba uhuru wake, wakati fidia ilikwenda kwa bwana wake, na masuria waliachwa nje ya amri ile mpaka 1909. Kimbunga cha 1872 kilipoiangusha mikarafuu ya Unguja, waliotiwa kazini kupanda upya walikuwa watu hao hao. Aliyewahi kukwea mkarafuu anajua tawi lake linavyokatika ghafla bila ya kukupa nafasi ya kushika jengine. Watu hawa walikwea msimu baada ya msimu, na siku zao wenyewe katika wiki zilikuwa mbili tu, Alhamisi na Ijumaa, za kulima muhogo wao wa kula. Halafu leo tunawaita wafanyakazi!

Nyanya yangu mzaa mama, kila akiulizwa kwao wapi, alijibu "sie watu wa shamba" na kugeuza maneno. Nilishakuwa na watoto niliposikia kwamba bibi yake yeye aliletwa kutoka Unyasa. Wapo watakaosema tusichimbue, tumeshaoleana, tunakaa baraza moja. Ni kweli tumeoleana. Mimi mwenyewe babu yangu upande wa pili alikuwa na mashamba. Kwa hivyo hakuna ninayemtukana ninapolitaja neno mtumwa. Nawataja wazee wangu.

Na tulipokuwa tunarudi nikaona jengine. Kando ya njia viwanja vimepimwa, bikoni zimesimikwa, na mikarafuu imekatwa. Nilihesabu visiki kumi na kimoja kabla ya gari kupinda, na matawi yaliyolundikwa pembeni yalikuwa bado yananukia. Kukata mkarafuu kunataka kibali. Alikitoa nani? Ukuta wa bwana tunaupaka chokaa mpya, mti uliopandwa na mtumwa tunaufanya kuni.

Ninachoomba si kikubwa. Kila nyumba ya shamba inayotoza kiingilio iweke kibao kwenye sakafu ya karafuu, Kiswahili kikiwa juu na lugha za wageni chini, na neno liandikwe watumwa. Pembeni pawekwe meza yenye pishi ya kupimia, pakacha na jamvi. Kila Alhamisi na Ijumaa, siku zile zile mbili, aitwe bibi mmoja miongoni mwa wanaojua kuchambua karafuu na makonyo, yaani vikonyo vyake, akae hapo awaonyeshe watoto inavyofanywa. Na akimaliza, apewe ujira wake mkononi, watoto wakiwa wanaona.

Mwalimu mstaafu,
Unguja